Kakao ya Makwale, Tarakimu na Viti vya Bodi

Katika taaluma ya uongozi wa makampuni kuna madai matatu ambayo siku hizi hutajwa kwa pamoja. Dai la kwanza ni kwamba kampuni inayohamisha kumbukumbu zake kutoka vitabuni na kuziweka katika kompyuta hufanya kazi kwa uangalifu zaidi. Dai la pili ni kwamba bodi yenye watu wa namna mbalimbali, hasa yenye wanawake wa kutosha, huamua mambo kwa busara kuliko bodi ya watu wa aina moja. Dai la tatu hujengwa juu ya hayo mawili, kwamba kampuni ya namna hiyo huyadhuru mazingira kidogo kuliko nyingine. Utafiti wa madai haya umefanywa zaidi katika makampuni makubwa ya Ulaya, Marekani na Asia ya Mashariki, ambayo hisa zake huuzwa sokoni na ambayo hutoa taarifa nene kila mwaka. Kwa hiyo mwanafunzi wa sekondari aliyeko Kyela anaweza kudhani kwamba jambo hili ni la watu wa mbali. Yafaa atazame upya, kwa maana taarifa hizo nene haziwezi kuandikwa pasipo tarakimu zinazotoka katika mashamba ya akina mama na akina baba wa kata kama Makwale.

Makwale ni mojawapo ya kata za Wilaya ya Kyela, katika uwanda uliopo kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Mvua ya Kyela huzidi milimita 2,000 kwa mwaka, na ile ya milima ya Rungwe na ya safu ya Livingstone huteremka kwa mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo mpaka ziwani. Mito hiyo huleta rutuba. Huleta pia mafuriko, na kila ukingo unaovuliwa miti hugeuka kuwa matope yanayokwenda ziwani. Ziwa lenyewe lina kina kinachofikia mita 700 hivi, na lina aina nyingi za samaki kuliko ziwa jingine lolote duniani. Lakini wengi wa samaki hao huishi karibu na ufuko, mahali hasa panapopokea matope. Hivyo mti unaosimama shambani Makwale una habari zake hata kwa mvuvi wa Matema.

Mpunga wa Kyela unajulikana nchi nzima. Zao lisilojulikana sana na walaji wa nchini ni kakao, au kokoa kama wengi wa Kyela waiitavyo, kwa sababu karibu yote husafirishwa nje. Sehemu kubwa ya kakao ya Tanzania hutoka katika wilaya za Kyela na Rungwe. Mkakao ni mti unaovumilia kivuli, na wakulima wa uwanda huu wameupanda chini ya migomba, michikichi, miembe na miti mingine mirefu. Mtu apitaye barabarani haoni shamba, huona msitu mdogo wenye nyumba ndani yake. Jambo hilo yafaa likumbukwe, maana litarudi hapa chini kwa sura nyingine.

Kazi ya kakao ina sehemu mbili. Kuna kazi ya mti, yaani kupanda, kupogoa na kuvuna, nayo huonekana na watu wote. Kisha kuna kazi ya punje, nayo hufanyika uani. Matunda hupasuliwa, punje zenye utelezi mweupe huwekwa katika masanduku ya mbao au chini ya majani ya migomba, na huvundikwa kwa siku tano hadi saba. Ndani ya rundo hilo mna elimu nzima ya viumbe vidogo. Hamira za asili hula sukari ya utelezi na kutoa kileo; bakteria wa asidi hugeuza kileo hicho kuwa siki; joto hupanda hata kufikia nyuzi 45 au 50 za Selsiasi; punje hufa, na vimeng'enya vilivyomo ndani yake huanza kutengeneza viini vya ladha ya chokoleti. Rundo lisipogeuzwa kwa wakati, punje huoza. Baada ya hapo punje huanikwa juu ya vichanja mpaka unyevu ubaki asilimia 7 hivi. Katika mahali penye mvua kama Kyela, kuanika ni kazi ya kukimbizana na mawingu, na kwa kawaida wanaokimbizana nayo ni wanawake na watoto.

Kilo mia moja za punje mbichi hutoa kilo 35 hadi 40 tu za punje kavu. Hesabu hii ndogo ndiyo inayoendesha biashara ambayo Kyela huitwa njemke, yaani ununuzi wa kokoa mbichi uani kwa mkulima, kwa bei ya chini, kabla haijavundikwa. Mwenye shida ya ada ya shule au ya dawa hawezi kungoja siku saba za kuvundika na nyingine kama hizo za kuanika. Viongozi wameikemea njemke mara nyingi, na sababu zao ni za haki, maana mkulima hupunjwa na ubora huharibika kwa kuwa mnunuzi huchanganya punje za siku mbalimbali. Hata hivyo kemeo halijawahi kulipa ada ya mtoto.

Njia iliyo rasmi ni nyingine. Mkulima hupeleka kakao yake kavu katika chama cha msingi cha ushirika, AMCOS, ambako hupimwa na kuhifadhiwa ghalani kwa utaratibu wa stakabadhi, uliowekwa na Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005. Kisha huuzwa kwa mnada. Katika misimu ya karibuni mnada huo umeendeshwa kwa mtandao kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, ambapo wanunuzi hutoa bei zao kwa kompyuta na wakulima wanaweza kuziona zikipangwa. Nayo Tume ya Maendeleo ya Ushirika imeanzisha mfumo wake wa kompyuta wa kusimamia vyama, unaojulikana kama MUVU. Haya ni mageuzi makubwa katika muda mfupi. Wazee wanaokumbuka mwaka 1976, vyama vikuu vya ushirika vilipovunjwa na kazi yao kupewa mamlaka za mazao, na kisha sheria ya mwaka 1982 iliyovirudisha, watasema wameyaona mageuzi mengine makubwa pia. Na pengine ndiyo maana huuliza kwanza daftari litakaa kwa nani.

Juu ya haya yote limekuja sharti kutoka ng'ambo. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni inayokataza kuingiza katika soko lake kakao, kahawa, mafuta ya mchikichi, mpira, soya, ng'ombe na mbao, pamoja na bidhaa zitokanazo navyo, ikiwa vimetoka katika ardhi iliyokatwa misitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Asili ya kanuni hiyo inaeleweka. Ghana na Côte d'Ivoire, ambazo kwa pamoja zimekuwa zikitoa zaidi ya nusu ya kakao ya dunia, zimepoteza sehemu kubwa mno ya misitu yao, na kakao ilikuwa mojawapo ya sababu. Utekelezaji umeahirishwa mara mbili, Desemba 2024 na tena Desemba 2025, na sasa makampuni makubwa yanatakiwa kuanza kuitii mwishoni mwa mwaka 2026. Kampuni inayoingiza kakao Ulaya itapaswa kueleza mahali hasa kila shamba lilipo, kwa tarakimu za latitudo na longitudo. Shamba lisilozidi hekta nne hutajwa kwa nukta moja. Lililo kubwa zaidi huchorwa mpaka wake wote. Kila tarakimu iandikwe kwa angalau nafasi sita baada ya nukta ya desimali.

Hapo ndipo mwalimu wa hisabati anapoweza kusimamisha somo na kutabasamu. Digrii moja ya latitudo ni kilomita 111 hivi. Nafasi ya sita ya desimali ni sehemu ya milioni ya digrii, yaani sentimita 11, upana wa kiganja cha mkono. Lakini simu ya kawaida, inayopima mahali ilipo kwa kupokea mawimbi ya setilaiti zilizo umbali wa kilomita 20,000 hivi kutoka ardhini, hukosea kwa mita tano au zaidi hata mahali peupe. Chini ya migomba na mikakao iliyofungamana kosa huongezeka, kwa sababu majani yenye maji hudhoofisha mawimbi na mengine hufika yakiwa yamegonga vitu vingine kwanza. Hivyo simu itaandika tarakimu sita, na angalau mbili za mwisho hazina maana yoyote. Usahihi wa maandishi si usahihi wa kipimo. Wanafunzi huambiwa hivyo katika maabara ya fizikia wanapotumia rula; ni vema wakumbushwe kwamba kompyuta haiifuti kanuni hiyo.

Kosa la mita chache lina uzito gani? Chukua shamba la nusu hekta, ambalo likiwa mraba lina upande wa mita 71 hivi. Mpimaji akizunguka mpaka, na makosa yake yote yakaelekea ndani kwa mita tano kila upande, upande utasomeka mita 61, na eneo litakuwa mita za mraba 3,721 badala ya 5,000 na kitu. Robo ya shamba imepotea pasipo mtu kuiba hata tuta moja. Kwa kawaida makosa hayaelekei upande mmoja yote, na mengine hufutana. Lakini mfumo unaolinganisha kilo zilizouzwa na eneo lililopimwa utamwona mkulima huyu kuwa anauza kupita kiasi, na utamshuku kwamba amechanganya kakao ya watu wengine. Atajitetea kwa nani? Mashine haina baraza.

Liko kosa jingine kubwa zaidi ambalo halitokani na majani. Ramani za Tanzania za uwiano wa 1:50,000, zile zile ambazo wanafunzi wa jiografia huzisoma, zimechorwa kwa kufuata umbo la dunia lililokubaliwa Afrika Mashariki na kuitwa Arc 1960. Simu hufuata jingine, liitwalo WGS 84. Mahali pale pale pakisomwa kwa mifumo hii miwili, tarakimu hutofautiana kwa umbali wa mita 300 hivi, ambao juu ya ramani ni milimita sita tu. Karani asiyejua jambo hili, akinakili nukta kutoka ramani ya zamani na kuiingiza katika mfumo mpya, atalihamisha shamba la Makwale mpaka kwa jirani wa tatu, au katikati ya mto.

Kisha kuna jicho la angani. Ili kujua kama msitu ulikatwa baada ya mwaka 2020, wakaguzi hulinganisha picha za setilaiti. Picha za Landsat, ambayo ya kwanza ilirushwa mwaka 1972, hugawa ardhi katika miraba ya mita 30. Zile za Sentinel-2 za Ulaya hufikia mita 10. Katika miraba hiyo shamba la kakao lililo chini ya miti mirefu linaweza kusomeka kuwa msitu. Basi mkulima aliyehifadhi kivuli kwa miaka 30, akiangusha mwembe mmoja uliozeeka ulioelekea kuanguka juu ya nyumba, anaweza kuonekana kama mkata msitu; na jirani yake aliyefyeka kila kitu mwaka 2010 hatakuwa na la kujibu. Kanuni yenyewe haiuhesabu mti wa shambani kuwa msitu. Lakini kati ya kanuni na picha kuna mtu anayesoma picha, naye yuko mbali.

Msomaji aliyefuata hesabu hizi ataona zinakoelekea. Kompyuta imekwisha kufika, na ni vema imefika, kwa maana mnada unaoonekana na watu wote ni bora kuliko bei ya kunong'onezana. Suala lililobaki ni nani aliye mahali pa kuona kosa linapotokea na kusema. Kwa hiyo dai la kwanza, la tarakimu, haliwezi kupimwa peke yake pasipo la pili, la viti vya bodi.

Lakini je, dai la pili lina ushahidi? Hapa wasomi wengi huharakisha mno. Tafiti kadhaa zimeonyesha kwamba makampuni yenye wanawake wengi katika bodi hutoa taarifa bora za mazingira. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kuona udhaifu wake. Katika vijiji vingi watoto wa nyumba za bati hufaulu kuliko wa nyumba za nyasi, lakini bati halifundishi hesabu. Mwenye uwezo wa kununua bati ana uwezo wa kununua vitabu pia. Vivyo hivyo kampuni kubwa na tajiri ina uwezo wa kununua kompyuta, hutazamwa na magazeti hata ikaona aibu kuwa na bodi ya wanaume watupu, na ina idara nzima ya kuandika taarifa za mazingira. Mambo matatu yanaweza kutembea pamoja pasipo moja kulizaa jingine. Isitoshe, taarifa nzuri ya mazingira na mazingira mazuri ni vitu viwili. Mto hausomi taarifa.

Norway ilitunga sheria mwaka 2003 ya kuyataka makampuni makubwa ya hisa yawe na angalau asilimia 40 ya kila jinsia katika bodi, na kufikia mwaka 2008 ikawa lazima kwa yote. Wataalamu walitumaini kwamba sheria hiyo ingeleta jibu safi, kwa sababu makampuni hayakujichagulia. Kenneth Ahern na Amy Dittmar waliandika mwaka 2012 kwamba thamani ya makampuni ilishuka; miaka kumi baadaye Espen Eckbo na wenzake walipitia upya hesabu hizo na kuona kwamba hazikuthibitisha hasara hiyo. Ubishi wa namna hiyo si aibu kwa sayansi, ila unaonyesha kwamba watu wanaosema jambo hili limekwisha kuthibitishwa, kwa upande wowote, wanasema zaidi ya wanachokijua.

Ushahidi wenye nguvu zaidi umetoka mahali panapofanana na Makwale kuliko panavyofanana na Oslo. Tangu mwaka 1993 katiba ya India imetenga theluthi moja ya nafasi za mabaraza ya vijiji, pamoja na uenyekiti, kwa wanawake, na vijiji vya kutengewa uenyekiti vilipangwa kwa utaratibu ulio kama wa kura ya bahati. Kwa kuwa bahati ndiyo iliyochagua, utajiri wa kijiji haukuingia katika hesabu. Raghabendra Chattopadhyay na Esther Duflo, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2004, waliona kwamba mabaraza yaliyoongozwa na wanawake yaliweka fedha zaidi katika yale ambayo wanawake wa kijiji walikuwa wakiyalilia, maji ya kunywa yakiwa mbele katika majimbo yote mawili yaliyochunguzwa. Kuhusu barabara, mambo yalitofautiana: katika West Bengal wanawake walizihitaji na wakazijenga, katika Rajasthan hawakuzihitaji sana na hazikupewa uzito. Naye mwanauchumi Bina Agarwal, aliyechunguza kamati za misitu ya vijiji katika Gujarat na Nepal, aliona kwamba kamati zenye wanawake wengi zaidi zilikuwa na misitu iliyoota upya vizuri zaidi. Mwanamke mmoja aliyewekwa pembeni hakubadili lolote. Mabadiliko yalionekana idadi yao ilipokaribia robo au theluthi ya wajumbe. Sababu aliyoitoa si kwamba wanawake wana mioyo laini kuliko wanaume. Wao ndio waliokuwa wakiingia msituni kila siku kutafuta kuni, kwa hiyo walijua nani anakata nini, na waliweza kuzieleza kanuni kwa wanawake wenzao walioweza kuzivunja.

Hapa ndipo hoja ya Makwale inapopata mguu wa kusimamia. Faida ya bodi mchanganyiko haiko katika kupendeza kwa picha ya pamoja. Iko katika kukusanya mezani maarifa ambayo hayakai katika kichwa kimoja. Katika jamii ya Wanyakyusa shamba hurithiwa kwa upande wa baba. Kwa hiyo jina la mwanachama katika daftari la chama huelekea kuwa la mwanamume, na bodi huchaguliwa na mkutano mkuu wa wanachama. Matokeo yake ni ya kawaida kabisa na hayahitaji mtu mbaya yeyote: bodi hujaa watu wanaoijua kazi ya mti, na huwakosa wanaoijua kazi ya punje. Watu hao wa pili ndio wanaojua ni nyumba zipi huuza njemke na katika mwezi gani, kwa nini masanduku ya kuvundikia yamekaa bure, ni kichanja kipi kimewekwa juu ya moto hata punje zikanuka moshi. Kakao inayouzwa mbichi uani hupoteza nukta yake hapo hapo. Mchuuzi akiipeleka ghalani kwa jina lake, mfumo utaandika shamba lake, na kumbukumbu nzima ya asili ya zao, iliyogharimu simu na setilaiti, itakuwa ya uongo kwa sababu ya shida ya ada ambayo hakuna mjumbe aliyeileta mezani. Bodi yenye wanawake watatu au wanne wanaoanika kakao ingeanza, pengine, kwa kujadili mkopo mdogo wa siku 14 unaodhaminiwa na rundo lililomo sandukuni. Huo ndio uhifadhi wa mazingira kwa maana yake ya kila siku, ijapokuwa hauna neno mazingira ndani yake.

Si wanawake tu. Bodi inayopanga masharti ya kupanda miti inahitaji mjumbe anayelima ukingoni mwa mto, ambaye maji humfikia kwanza. Inahitaji kijana mmoja au wawili wanaoweza kuifungua simu, kusoma tarakimu na kumwambia mwenyekiti kwa adabu kwamba nukta imeangukia ziwani.

Watakuwapo watakaosema kwamba kutenga viti ni kuwaingiza wake wa wenyeviti, na kwamba bodi ya ushirika inahitaji watu wenye elimu ya mahesabu. Hofu ya kwanza ni ya kweli, na imewahi kutokea mahali pengi. Lakini wajomba na mashemeji wa wenyeviti wamekuwa wakiingia katika bodi kwa miaka mingi pasipo mtu kupendekeza kwamba wanaume wazuiwe. Hofu ya pili ina dawa, kwani mahesabu hufundishika katika muda wa mwezi. Kujua rundo limeiva kwa kuingiza mkono ndani yake huchukua misimu. Wala si jambo geni katika sheria za nchi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi, na inataka Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye watu saba, liwe na wanawake watatu. Kijiji kilichozoea wanawake watatu wakiamua mipaka ya mashamba hakina sababu ya kushangaa wakikaa watatu katika bodi inayouza mazao ya mashamba hayo hayo.

Jambo la haraka zaidi, kwa maoni ya makala hii, ni jina litakaloandikwa kando ya kila nukta. Mashamba yakipimwa mara moja na kuingizwa katika kompyuta kwa jina la mume peke yake, jina hilo litakuwa gumu kuliko lilivyokuwa katika daftari la karatasi. Litanakiliwa kwa mnunuzi, kwa mkaguzi, kwa benki, na kila nakala itaonekana kuwa uthibitisho wa ile iliyotangulia. Mjane atakayetaka kuuza kakao msimu ufuatao atakuta mfumo haumjui. Kuandika majina mawili wakati wa kupima hakugharimu kitu. Kuyabadilisha baadaye kutagharimu nauli, barua na pengine kesi.

Halafu kuna suala la mwenye taarifa. Mahali pa shamba pamoja na jina la mwenyewe ni taarifa binafsi, nazo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ikiwa kampuni ya kununua ndiyo itakayotuma vijana wake kupima, na kubaki na ramani peke yake, mkulima atafungwa kwa kampuni hiyo kama alivyofungwa zamani kwa mwenye mzani. Bei ya kakao katika soko la dunia ilipita dola 12,000 za Marekani kwa tani mwezi wa Desemba 2024, kisha ikashuka sana katika mwaka 2025. Katika soko linaloyumba namna hiyo, uhuru wa kubadili mnunuzi ni mali. Chama cha msingi hakina budi kuwa na nakala yake kamili ya ramani, nayo bodi iwe na wajumbe wanaoweza kuisoma.

Shule za sekondari za Kyela zinaweza kuanza kabla ya wengine, kwa kuwa hazihitaji ruhusa ya soko lolote. Darasa la jiografia lichague mkakao mmoja wenye kivuli kizito na nukta moja katikati ya kiwanja cha mpira. Wanafunzi wasome latitudo na longitudo mara kumi katika kila mahali, kwa siku mbalimbali na kwa simu tofauti, wageuze tofauti hizo kuwa mita, kisha wachore nukta zote katika karatasi ya miraba. Watakuwa na duara la kosa lililopimwa katika ardhi yao wenyewe. Wale wa biolojia wahesabu miti ya kivuli katika mashamba kadhaa ya nusu hekta, kwa idhini ya wenyewe, na waandike aina zake kwa Kinyakyusa na kwa Kiswahili. Wale wa kemia wachote maji ya Mbaka katika chupa za aina moja kila wiki kuanzia Novemba hadi Mei, wayaache yatuame, na kupima kimo cha tope.

Karatasi hizo zipelekwe katika mkutano mkuu wa chama. Kabla nukta za mashamba hazijatumwa kokote, zisomwe mkutanoni jina kwa jina, ya mume na ya mke, mbele ya majirani wanaojua mpaka unapita kwenye mti gani, na kila mwanachama apewe nafasi ya kusimama na kusema kama shamba lake limewekwa mahali pake.